NCAA na Jinai za Vyuoni: Historia ya Adhabu Iliyotangulia Sheria

Chama cha Kitaifa cha Michezo ya Vyuo cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi NCAA, kilizaliwa na vifo. Mwaka 1905 vijana wasiopungua 18 walikufa nchini humo kwa majeraha ya futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao wakati ule ulichezwa karibu bila kinga yoyote ya kichwa wala mwili. Oktoba mwaka huo Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton akawataka wausafishe mchezo wao. Desemba wajumbe wa vyuo 62 walikutana New York, na Machi 31, 1906 chama kikaundwa. Jina lake la sasa lilianza kutumika mwaka 1910. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunga kanuni ambazo zingewafanya wachezaji watoke uwanjani wakiwa hai. Hakikuwa mahakama wala jeshi la polisi, na vyuo vilivyokiunda havikukipa mamlaka ya kuchunguza jinai.

Karne moja baadaye mpaka wa mamlaka hayo ukawa chanzo cha mabishano makali. Jinai inapotendwa chuoni, na wakubwa wa chuo wakaifumbia macho ili timu isiingie doa, je, chama cha michezo kina haki ya kukiadhibu chuo chenyewe? NCAA imelijibu swali hili kwa namna zisizofanana, na tofauti hizo zinaeleweka tu kwa kuzifuata kesi zenyewe moja baada ya nyingine.

Miaka ya kanuni za fedha

Kwa miongo yake minne ya kwanza NCAA ilishauri tu, haikuadhibu. Mwaka 1929 taasisi ya Carnegie ilichapisha ripoti iliyoonyesha kuwa vyuo vingi vilikuwa vikiwavuta wachezaji kwa fedha na zawadi za siri, lakini hakuna aliyewajibishwa. Mambo yalibadilika mwaka 1951, Walter Byers aliposhika wadhifa wa mkurugenzi mtendaji. Mwaka huohuo nchi ilitikiswa na kesi za wachezaji wa mpira wa kikapu waliohongwa na wacheza kamari ili wapunguze pointi makusudi. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo nyota wa zamani wa Chuo Kikuu cha Kentucky, bingwa wa taifa.

Kuhonga wachezaji kulikuwa kosa la jinai, na mahakama ya New York ililishughulikia. NCAA ilifuata njia yake. Uchunguzi uliozuka baada ya kesi hizo ulionyesha kuwa Kentucky ilikuwa imewapa wachezaji malipo yaliyokatazwa, na chama kikavitaka vyuo wanachama visicheze nayo. Msimu wa 1952–53 wa Kentucky ukafutwa. Hapo mgawanyo wa kazi ukawekwa: jinai ni ya dola, malipo na usajili ni vya chama.

Mgawanyo huo ulidumu miaka 60. Kitabu cha kanuni kilinenepa kikafikia mamia ya kurasa, kikieleza ni mara ngapi kocha anaweza kumpigia simu kijana anayemtaka na ni chakula gani mchezaji anaweza kupewa. Kuna wakati kanuni zilitofautisha hata mkate mtupu na mkate uliopakwa kitu. Katika kurasa zote hizo hapakuwa na kifungu kilichomtaka kocha kumpeleka polisi msaidizi wake anayemdhuru mtoto.

Mwaka 1985 wanachama walipitisha adhabu kali zaidi kwa chuo kinachorudia makosa: kufungiwa msimu mzima. Waandishi wa habari waliiita adhabu ya kifo. Februari 25, 1987 ilikiangukia Chuo Kikuu cha Southern Methodist cha Dallas, ambako matajiri mashabiki walikuwa wamewalipa wachezaji 13 jumla ya dola 61,000 hivi, huku baadhi ya viongozi wa chuo wakijua. Msimu wa 1987 ulifutwa na NCAA, na wa 1988 ukafutwa na chuo chenyewe. Timu iliporudi mwaka 1989 ilikuwa mfu aliyevikwa jezi. Haikualikwa kwenye mchezo wowote wa baada ya msimu hadi mwaka 2009. Wengi wa vijana waliovaa jezi hiyo katika miaka ya 1990 walikuwa watoto wa shule za msingi fedha zile zilipogawiwa, lakini ndio waliolipia deni.

Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliipa NCAA nguvu nyingine. Katika kesi ya Jerry Tarkanian, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kuwa NCAA ni chama binafsi, hivyo hakibanwi na masharti ya Katiba kuhusu haki ya kusikilizwa. Chuo au kocha aliyeadhibiwa alibaki kutegemea kanuni ambazo chama kimejiwekea. Ndiyo maana jambo la kuzifuata kanuni hizo lilikuja kuwa na uzito mkubwa.

Mauaji ya Baylor na uongo wa kocha

Juni 2003 Patrick Dennehy, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Baylor huko Waco, Texas, alitoweka. Mwili wake ulipatikana mwezi uliofuata. Carlton Dotson, aliyekuwa mchezaji mwenzake, alikiri kosa la mauaji mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha miaka 35.

Wakati familia ikiomboleza, kocha mkuu Dave Bliss alikuwa na hofu nyingine. Alikuwa amemlipia Dennehy ada kinyume cha kanuni, na uchunguzi ungelifichua jambo hilo. Aliwataka wachezaji na wasaidizi wake waseme kuwa marehemu alijilipia kwa kuuza dawa za kulevya. Msaidizi mmoja, Abar Rouse, alirekodi mazungumzo hayo kwa siri, na kanda hizo zikamwangusha Bliss.

Mwaka 2005 NCAA iliizuia Baylor kucheza mechi zote za nje ya ligi yake kwa msimu wa 2005–06. Adhabu ilikuwa nzito, lakini ilitokana na malipo na uongo. Mauaji yaliachiwa mahakama. Hata katika kesi iliyohusu damu ya mchezaji, chama kilibaki ndani ya mpaka uliowekwa tangu Kentucky.

Kesi ya Duke na hatari ya haraka

Mwaka 2006 ulileta fundisho la upande wa pili. Wachezaji watatu wa timu ya lakrosi ya Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, walishtakiwa kwa ubakaji. Nchi nzima ilikwisha kuwahukumu kabla ya kesi kuanza. Chuo kilifuta msimu wa timu na kocha akalazimika kuondoka. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa jimbo, Roy Cooper, alifuta mashtaka na kutangaza kuwa vijana hao hawakuwa na hatia. Juni mwaka huo mwendesha mashtaka Mike Nifong alivuliwa uwakili, kwa kuwa alikuwa amewaficha watetezi matokeo ya vipimo vya vinasaba.

NCAA haikuiadhibu Duke. Lau ingekuwa na desturi ya kupiga mara tu kashfa inapochomoza, ingewaadhibu watu wasio na kosa. Kesi hii ikawa hoja ya kudumu ya wale wanaosema mashtaka ya jinai yasubiri mahakama.

Penn State

Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, maarufu kama Penn State, kilijivunia kuwa mahali ambapo mambo ya namna hiyo hayatokei. Joe Paterno, kocha mkuu tangu 1966, alisifiwa kwa kushinda bila kuwapuuzia wachezaji masomo, na sanamu yake ilisimama nje ya uwanja. Jerry Sandusky alikuwa msaidizi wake kuanzia 1969 hadi alipostaafu mwaka 1999. Mwaka 1977 Sandusky alianzisha shirika la kusaidia watoto wanaoishi katika mazingira magumu, na ni kutoka miongoni mwa watoto hao alikochagua wa kuwadhuru.

Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika kuwa Sandusky ameoga na mwanawe katika bafu za chuo. Polisi wa chuo walichunguza, lakini mwendesha mashtaka hakufungua kesi. Mwaka 2001 Mike McQueary, kocha msaidizi kijana, alimkuta Sandusky bafuni na mvulana usiku. Alimwambia Paterno. Paterno alimwambia mkurugenzi wa michezo, Tim Curley, na habari zikamfikia makamu wa rais wa chuo, Gary Schultz, kisha rais mwenyewe, Graham Spanier. Hakuna kati yao aliyekwenda polisi au kwa idara ya ustawi wa watoto. Sandusky aliambiwa asiwalete watoto kwenye majengo ya michezo, na kwa miaka kumi zaidi akaendelea kuwa huru.

Alikamatwa Novemba 5, 2011. Siku nne baadaye bodi ya wadhamini ilimfukuza Paterno, na Spanier akaondoka. Paterno alifariki Januari 22, 2012 kwa saratani ya mapafu. Juni 22, 2012 Sandusky alitiwa hatiani kwa makosa 45 kati ya 48, yaliyowahusu wavulana kumi, na Oktoba akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60.

Bodi ilikuwa imemwajiri Louis Freeh, mkurugenzi wa zamani wa FBI, afanye uchunguzi. Ripoti yake ya Julai 12, 2012 ilisema kuwa viongozi wanne, yaani Spanier, Schultz, Curley na Paterno, waliijali heshima ya chuo kuliko usalama wa watoto. Familia ya Paterno ilipinga hitimisho hilo na mwaka uliofuata ikatoa ripoti yake.

Siku 11 tu baada ya ripoti ya Freeh, Julai 23, rais wa NCAA, Mark Emmert, alitangaza adhabu. Penn State ilitozwa faini ya dola milioni 60, kiasi kinachokaribia mapato ya mwaka mmoja ya timu ya futiboli, fedha ambazo zingetumika kuzuia unyanyasaji wa watoto. Timu ilinyimwa michezo ya baada ya msimu kwa miaka minne na kupunguziwa nafasi za ufadhili wa masomo. Ushindi wote wa 1998 hadi 2011, mechi 112, ulifutwa. Chuo kiliwekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitano. Sanamu ya Paterno ilikuwa imeng'olewa siku moja kabla.

Wengi waliona haki imetendeka, lakini njia iliyotumika haikuwa ya kawaida. Wachunguzi wa NCAA hawakufanya uchunguzi wao wala kamati ya makosa haikuketi kusikiliza. Hakuna kifungu mahususi kilichovunjwa, ila misingi ya jumla kuhusu maadili na usimamizi wa chuo. Adhabu ilipatikana kwa makubaliano yaliyotiwa saini na rais mpya wa chuo, Rodney Erickson, huku tishio la kufungiwa kabisa likiwa mezani.

Adhabu inapofumuka

Januari 2013 gavana wa Pennsylvania, Tom Corbett, aliishtaki NCAA kwa sheria za ushindani wa kibiashara, na Juni kesi ikatupwa. Seneta wa jimbo Jake Corman alikuja na hoja nyembamba iliyomfikisha mbali zaidi: kwamba dola milioni 60 zitumike ndani ya jimbo. Katika kujibu kesi hiyo NCAA ililazimika kutoa barua pepe zake. Novemba 2014 ikajulikana kuwa mwaka 2012 maofisa wake wenyewe walikuwa na shaka kama chama kina mamlaka juu ya jambo hilo, na mmoja wao aliona kuwa kukitisha chuo kilichokwisha kuaibika ni kubahatisha tu.

Adhabu yenyewe ilikuwa tayari ikifumuka uzi baada ya uzi. Nafasi za ufadhili zilikuwa zimeanza kurudishwa Septemba 2013, na marufuku ya michezo ya baada ya msimu ikaondolewa Septemba 2014. Januari 16, 2015 pande mbili zilipatana: ushindi wote 112 ulirudishwa, na fedha zikabaki Pennsylvania.

Yaliyofanywa na vyombo vya dola yalidumu. Machi 2017 Curley na Schultz walikiri kosa la kuhatarisha usalama wa mtoto, na Spanier akatiwa hatiani kwa kosa hilohilo. Wote watatu walikwenda jela, Spanier akiingia mwaka 2021 baada ya rufaa ndefu. Wizara ya Elimu ya Marekani iliitoza Penn State karibu dola milioni 2.4 mwaka 2016 kwa kuvunja Sheria ya Clery ya 1990, inayovilazimisha vyuo kutangaza takwimu za uhalifu wao. Chuo kililipa waathirika zaidi ya dola milioni 100. Bunge la Pennsylvania lilipitisha sheria zaidi ya 20 za kuwalinda watoto, zikiwamo zilizopanua orodha ya watu wanaolazimika kutoa taarifa.

Chama kinarudi nyuma

Baada ya kuungua Penn State, NCAA ilivuta mkono. Larry Nassar, daktari wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan na wa timu ya taifa ya jimnastiki, aliwadhalilisha mamia ya wasichana na wanawake kwa kisingizio cha matibabu. Januari 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175, na rais wa chuo, Lou Anna Simon, akajiuzulu. Chuo kilikubali kutenga dola milioni 500 kwa ajili ya waathirika. Mwaka 2019 Wizara ya Elimu ilikitoza chuo dola milioni 4.5. NCAA ilifungua uchunguzi Januari 2018, na Agosti ikaufunga ikisema haikuona kanuni iliyovunjwa. Makosa ya Nassar yalikuwa sawa na ya Sandusky, na waathirika wake walikuwa wengi kuliko wa Sandusky, ilhali hukumu ya chama ilikuwa kinyume kabisa.

Baylor nayo ilirudi mbele ya chama. Mei 2016 wadhamini wake walikiri kuwa chuo kilishindwa kushughulikia malalamiko ya ubakaji, mengine yakiwahusu wachezaji wa futiboli. Kocha Art Briles alifukuzwa, na Ken Starr akaondolewa urais. Agosti 2021 kamati ya makosa ya NCAA ililaani vikali yaliyotokea, lakini ikaamua kuwa kanuni hazikuipa nafasi ya kuadhibu, kwa sababu uzembe ulikienea chuo kizima na wachezaji hawakupendelewa peke yao. Kwa makosa mengine madogo Baylor iliwekwa chini ya uangalizi kwa miaka minne na kutozwa faini ya dola 5,000.

Kwa mwanamke aliyedhurika na kisha akapuuzwa na chuo chake, faini hiyo ilikuwa jeraha la pili. Hata hivyo, kamati ilisema ukweli kuhusu kanuni ilizokabidhiwa. Kosa lilikuwa la wanachama, ambao tangu 2012 walikuwa na muda wa kutosha kuandika kanuni nyingine.

Walichofanya kilikuwa hatua ndogo. Mwaka 2017 NCAA ilianza kuwataka marais wa vyuo na wakurugenzi wa michezo wathibitishe kila mwaka kuwa wanafuata taratibu za kuzuia ukatili wa kingono. Mwaka 2020 iliongeza sharti la wachezaji kueleza kila mwaka kama wamewahi kuadhibiwa au kutiwa hatiani kwa makosa hayo. Kifungu kinachomwadhibu kiongozi wa michezo kwa kuficha jinai hakikuandikwa.

Hoja mbili na uzito wake

Wanaotaka chama kiadhibu wana hoja yenye nguvu. Faini ya serikali ya dola milioni mbili haimtishi mkuu wa chuo ambacho timu yake inaingiza dola milioni 60 kwa mwaka. Uovu wa Penn State ulifichwa kwa ajili ya heshima na fedha za timu, kwa hiyo adhabu isiyoigusa timu haifiki kwenye mzizi. Mahakama humfunga mtu mmoja mmoja, nayo haiwezi kubadili utamaduni unaomfanya kocha awe mkubwa kuliko rais wa chuo.

Wanaopinga nao wanasimama juu ya ushahidi. Mchezaji wa miaka 20 aliyenyimwa michezo ya mwisho wa msimu mwaka 2012 alikuwa na miaka tisa McQueary alipofungua mlango ule wa bafu. Waliotenda walikuwa wamekufa, wamefungwa au wameondoka madarakani. Chama cha michezo hakina hati ya upekuzi wala uwezo wa kumlazimisha shahidi aseme chini ya kiapo, na Duke ilionyesha jinsi hasira ya umma inavyoweza kumpotosha hata anayevishika vyombo hivyo.

Historia hii inaelekea kwenye hukumu iliyo kati ya hoja hizo. Ubakaji, mauaji na unyanyasaji wa watoto ni kazi ya polisi na mahakama, na chama hakipaswi kujifanya hakimu wake. Lakini kuficha jinai ili kulinda timu ni kosa la kimichezo pia, kwa kuwa chuo kinachofanya hivyo hubaki na kocha, wachezaji na ushindi ambao ukweli ungekinyima. Kosa hilo linastahili kifungu chake, kilichoandikwa kabla halijatendwa, kinachosubiri ukweli uthibitishwe, na kinachoelekeza pigo kwa viongozi na mapato badala ya wanafunzi. Adhabu ya 2012 ilikuwa na sababu ya haki lakini haikuwa na sheria, ikavunjika ndani ya miaka miwili na nusu. Uamuzi wa 2021 ulifuata sheria, ukaiacha haki nje ya mlango.

Katika yote yaliyotangazwa Julai 23, 2012, mojawapo ya yaliyosimama hadi mwisho ni zile dola milioni 60. Milioni 48 zilikabidhiwa tume ya jimbo la Pennsylvania kwa ajili ya kuzuia unyanyasaji wa watoto na kuwahudumia walionyanyaswa, na milioni 12 zikawekwa Penn State kuwa mfuko wa kudumu wa utafiti na huduma katika jambo hilohilo.